Kinyozi Hajinyoi: Mjadala Kuhusu Mtaalamu wa Milipuko Aliyepewa Wizara

Hoja iliyo mezani ni hii: Wizara ya Afya ikabidhiwe mtaalamu wa epidemiolojia, yaani mtu aliyesomea jinsi maradhi yanavyoanza, yanavyosambaa na yanavyohesabiwa. Mfano unaojadiliwa ni wa jirani, Dkt. Sabin Nsanzimana, Waziri wa Afya wa Rwanda tangu Novemba 2022. Hoja tumeipeleka Kagera, mkoa unaopakana na Rwanda, ambao nao umepigwa na homa ya virusi vya Marburg mara mbili ndani ya miaka miwili. Tumeigawa kwa sauti nne: Daktari, aliyestaafu akiwa mganga mkuu wa wilaya, Mwanahabari, binti wa redio, Mwalimu, anayefundisha takwimu chuoni, na Sista, muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa ndani. Hawana majina kwa kuwa ni sauti, si watu. Mambo ya kitaifa wanayoyataja, hata hivyo, yametokea.

MWENYEKITI: Daktari, wewe ndiye mleta hoja. Karibu.

DAKTARI: Ahsante, Mwenyekiti. Nianze na mtu mwenyewe, maana tukimkuta akiwa tayari ni waziri tutakosa alikotoka. Nsanzimana alisomea udaktari kwao Rwanda, kisha akapata shahada ya uzamivu ya epidemiolojia katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya RBC, taasisi ya Rwanda inayosimamia udhibiti wa magonjwa na utafiti wa tiba, akiongoza kitengo cha VVU. Mwaka 2015 jarida la The Lancet Global Health lilichapa utafiti ambao jina lake ndilo la kwanza. Walichukua kumbukumbu za wagonjwa wa VVU zaidi ya 70,000 walioandikishwa kwenye huduma, wakauliza swali ambalo mgonjwa yeyote angeuliza: nikiwa na miaka 20, nitarajie kuishi miaka mingapi zaidi? Wakakuta miaka hiyo inaongezeka kadiri huduma ilivyoimarika, wanawake wanaishi zaidi ya wanaume, na anayeanza dawa kinga yake ikiwa bado juu anamzidi mbali aliyechelewa. Sasa mtu aliyelitafuta jibu hilo mwenyewe, akikaa na watu wa bajeti, hahitaji kuandikiwa hotuba. Anajua shilingi ya kumpima mwanaume mapema inarudisha nini.

Mwaka 2019 akawa mkuu wa RBC. Mgonjwa wa kwanza wa corona Rwanda akatangazwa tarehe 14 Machi 2020, na wiki moja baadaye nchi ikafungwa. Vipimo vilikuwa ghali na havikutosha. Wataalamu wa Rwanda wakaja na hesabu ya kuchanganya sampuli za watu wengi na kuzipima kwa pamoja. Mchanganyiko ukitoka hasi, wote mmewaachia kwa gharama ya kipimo kimoja. Ukitoka chanya, jinsi sampuli zilivyopangwa inakuonyesha wa kumrudia. Hesabu hiyo ilichapwa katika jarida la Nature mwaka 2021. Akili ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka wizarani.

MWANAHABARI: Shikamoo Daktari, na heshima yako iko palepale. Lakini akili hiyo haikuwa wizarani, ilikuwa RBC. Waziri wakati ule alikuwa mtu mwingine. Kama mtaalamu alifanya makubwa akiwa chini ya waziri, kwa nini tumng'oe alipostawi? Tazama Kongo. Profesa Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku mwaka 1976, mlipuko wa kwanza kabisa wa Ebola, na mpaka uzeeni ameendelea na maabara yake ya INRB pale Kinshasa. Julai 2019, Ebola ilipokuwa inawashinda Kivu na Ituri, Rais Tshisekedi alimkabidhi yeye uongozi wa mapambano. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, naye daktari, akajiuzulu. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2020, na Muyembe hakuhitaji bendera kwenye gari.

Na hapa kwetu je? Marburg ilipoingia Bukoba Vijijini Machi 2023, Waziri wa Afya alikuwa Ummy Mwalimu, mwanasheria. Wagonjwa waliishia 9, waliofariki 6, na Juni tukatangaziwa kwamba umekwisha. Mwanasheria huyo alipatia nini ambacho mwenye uzamivu angepatia zaidi?

DAKTARI: Alipatia kusikiliza, binti yangu, na mimi namshukuru. Lakini kusikiliza ni bahati. Leo unampata waziri anayesikiliza, kesho unampata anayesikiliza wapambe. Mimi nataka mtu ambaye hata wapambe wakimzunguka, kichwani mwake kuna kitu kinachokataa.

MWANAHABARI: Basi nikupe aliyekuwa nacho na hakikukataa. Manto Tshabalala-Msimang, Waziri wa Afya wa Afrika Kusini kuanzia 1999 hadi 2008. Alikuwa daktari. Ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi aliusomea papa hapa nchini, Dar es Salaam, akiwa mkimbizi wa ANC. Juu yake akaongeza shahada ya afya ya jamii kule Antwerp, Ubelgiji. Lakini bosi wake, Rais Mbeki, alipotilia shaka kwamba VVU ndivyo vinavyoleta UKIMWI, daktari huyo alisimama mbele ya dunia akisifia kitunguu saumu na kiazi-sukari chekundu huku dawa zikicheleweshwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria baadaye kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Aliyekuja kugeuza usukani mwaka 2008, Barbara Hogan, hakuwa daktari. Alikuwa mwanasiasa aliyewahi kufungwa na makaburu. Shahada zilikuwapo, Daktari. Kilichokosekana ni uthubutu wa kumwambia mkubwa "hapana".

MWENYEKITI: Mwalimu, unatikisa kichwa tangu mwanzo.

MWALIMU: Natikisa kwa sababu wote wawili wanahesabu mawaziri waliofanikiwa na walioshindwa, na kwa mtindo huo kila mmoja atashinda kwa kuchagua mifano yake. Twende kwenye tukio moja tulichimbue. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza Marburg. Hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 20 Desemba, wagonjwa walikuwa 66 na waliofariki 15. Hiyo ni chini kidogo ya 23 katika kila 100. Sasa linganisha na Angola mwaka 2005, ambako walifariki karibu 9 katika kila 10. Linganisha na Biharamulo hapa kwetu, Januari 2025: wagonjwa 10, na wote 10 wakafariki. Anayesoma juujuu atasema Rwanda ina waziri mwenye uzamivu, Angola na sisi hatukuwa naye, mjadala umekwisha.

DAKTARI: Na kwa nini usiwe umekwisha?

MWALIMU: Kwa sababu ya namba ya chini, Daktari, ile tunayogawia. Kati ya wale 10 wa Biharamulo, waliothibitishwa maabara ni 2. Wale 8 wengine walihesabiwa kuwa wagonjwa baada ya kuwa wameshafariki, kwa dalili zao na kwa watu waliokuwa nao karibu. Ukimgundua mgonjwa akiwa kaburini, lazima hesabu yako ije 10 kwa 10. Aliyeugua kidogo akapona kijijini hukumwona kabisa. Kigali ilikuwa kinyume chake. Karibu 4 kati ya kila 5 walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wa umri wa kufanya kazi, walio mjini, ndani ya hospitali zenye vyumba vya mahututi. Homa ikipanda asubuhi, jioni ameshapimwa. Kwa hiyo 23 ya Kigali na 100 ya Biharamulo hazipimi kitu kimoja. Ile ya kwanza inapima tiba. Ya pili, kwa sehemu kubwa, inapima uchelewaji wa kugundua.

DAKTARI: Sikatai. Lakini tiba nayo haikujileta. Walipewa remdesivir na dawa ya kingamwili, MBP134, na wakapata chanjo ya majaribio. Dozi kama 700 za kwanza zilifika tarehe 5 Oktoba, kesho yake watu wakaanza kuchanjwa. Siku 9 tangu kutangaza! Mimi nimeshawahi kusubiri mipira ya mikono kwa muda mrefu kuliko huo. Na wagonjwa wawili waliokuwa wamewekewa mrija wa kupumulia, viungo vikiwa vimeshaanza kuzima, walitolewa mrija wakiwa hai. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani alipofika Kigali alisema wanaamini ni mara ya kwanza hilo kutokea kwa mgonjwa wa Marburg Afrika. Anayeweza kupiga simu ikapokelewa upande wa pili ni yule ambaye upande wa pili wanamjua kwa kazi yake.

SISTA: Mwenyekiti, niingie hapo. Nimesikia namba nyingi na sijasikia zinazaliwa wapi.

MWENYEKITI: Karibu, Sista.

SISTA: Namba inazaliwa wodini, saa nane ya usiku. Analetwa mtu ana homa, anatapika, kichwa kinamgonga. Marburg inaanza hivyo hivyo kama malaria, na hapa kwetu malaria ndiyo ya kila siku. Unampima, malaria inaonekana kweli, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Unamwanzishia dawa ya malaria. Siku ya tatu fizi zinatoa damu. Sasa hapo kwenye fomu ya taarifa kuna mstari wa homa ya kutokwa damu. Nikiujaza mstari ule, asubuhi mganga mfawidhi atapigiwa simu kutoka wilayani, wilaya itapigiwa kutoka mkoani, na mkoa kutoka wizarani. Na swali la kwanza halitakuwa "mgonjwa anaendeleaje?" Litakuwa "nani ameandika?"

MWANAHABARI: Yamekukuta?

SISTA: Yamewakuta wengi, na siko hapa kutaja kituo wala mtu. Nasema jinsi kazi ilivyo. Kisha likithibitishwa, kuna daftari lingine, la watu waliomgusa mgonjwa. Jina, mtaa, simu, tarehe ya mwisho alipomgusa. Kutoka tarehe hiyo unahesabu siku 21, asubuhi na jioni unampima joto. Mwenye duka hataki uje na kipimajoto mbele ya wateja wake. Mwingine amekupa namba ya simu isiyo yake. Mama mjane amekuambia hakuna aliyeosha maiti, na jirani yake anakuambia waliosha wanne. Hayo ndiyo yanayoliweka au kuliharibu lile daftari. Waziri awe na uzamivu wa Basel au wa mbinguni, daftari langu likiwa la uongo, naye anaongoza kwa uongo.

MWALIMU: Sista amesema kwa lugha ya wodi kile ninachokifundisha darasani kwa muhula mzima.

DAKTARI: Na ndiyo maana namtaka waziri anayejua daftari lile likoje! Mwanasheria ataletewa jumla. Mwanaepidemiolojia atauliza, "Nionyeshe wale ambao hamkuwapata." Kule Rwanda walirudi nyuma, mgonjwa kwa mgonjwa, mpaka wakafika kwa kijana wa miaka 27 aliyepata virusi kutoka kwa popo wala matunda kwenye pango la uchimbaji madini. Mlipuko uligundulika hospitalini. Wangeweza kuishia hospitalini. Waliufuata mpaka mgodini kwa sababu kuna mtu aliyejua kwamba bila mgonjwa wa kwanza hujui kama mlango umefungwa.

MWANAHABARI: Au kwa sababu RBC ilikuwa na watu waliofunzwa, na vijiji vya Rwanda vina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 58,000. Hao waliwekwa na wengine, miaka mingi kabla ya Nsanzimana kuwa waziri. Rwanda ilianza kuchanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2011. Bima ya Mutuelle de Santé ni ya zamani kuliko uwaziri wake. Tusimpe mtu mmoja sifa ya nyumba aliyoikuta imejengwa.

DAKTARI: Simpi nyumba yote. Nampa chumba alichokiongeza. Julai 2023 wizara yake ilianzisha mpango wa kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne, kutoka takriban mhudumu mmoja kwa watu 1,000 kuelekea wanne. Hilo ni lengo la mtu anayesoma namba na kuona aibu.

MWALIMU: Naomba sasa tuguse pale kofia mbili, ya mwanasayansi na ya waziri, zilipogongana, maana tumezunguka vya kutosha. Chanjo ile ya Marburg haikuwa imeidhinishwa popote duniani. Njia ya kisayansi ya kujua kama inafaa ni kuwagawa watu: kundi moja lichanjwe leo, lingine baadaye, halafu ulinganishe. Mwanaepidemiolojia yeyote anaijua kanuni hiyo kama Baba Yetu. Wahudumu wa afya wa Rwanda waliokuwa hatarini walichanjwa bila kundi la kulinganishia. Wapo wanasayansi waliolalamika kwamba nafasi adimu ya kujifunza imepotea, kwa sababu mlipuko ulipokwisha hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni chanjo iliyouzima au ni vifaa kinga na ufuatiliaji. Baadaye, dozi nyingine zilipokuja, ndipo kukawekwa sehemu ya jaribio yenye kugawa kwa bahati nasibu, ikiwalenga watu kama wachimba migodi, wengine wakingoja siku 21.

MWANAHABARI: Kwa hiyo mwanasayansi alishindwa na waziri.

SISTA: Binti, ungekuwa wewe ndiye muuguzi, mwenzako wa zamu amefariki juzi, halafu unaambiwa jina lako limeangukia kundi la kusubiri, ungerudi wodini?

MWANAHABARI: Nisingerudi.

SISTA: Basi wagonjwa wangebaki na nani? Mimi uamuzi ule nauona ni wa haki.

MWALIMU: Mimi pia siulaumu. Na namheshimu Nsanzimana zaidi kwa sababu alijua gharama yake. Waziri mwanasheria angewachanja wote bila kujua kuna kitu amekipoteza. Waziri mtafiti asiye na moyo wa siasa angeng'ang'ania kundi la kusubiri na wauguzi wangemkimbia. Huyu alijua yote mawili na akachagua. Kwa hilo, Daktari, hoja yako imeongeza uzito machoni pangu. Lakini hapo hapo ndipo hofu yangu inapoanzia. Aliyeamua kuchanja bila kundi la kulinganisha, wizara yake ndiyo pia iliyotangaza kila siku wangapi wapya, wangapi wamepona, wangapi wamefariki. Mwamuzi na mhesabu wako nyumba moja, na aliye juu yao wote ni bingwa wa hesabu hiyo. Nani atamwambia amekosea? Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi.

DAKTARI: Unamshuku?

MWALIMU: Hata kidogo. Mhasibu mwaminifu naye hukaguliwa, na hachukii. Waziri asiyejua hesabu hulazimika kumtegemea anayejua, na kutegemeana huko ni ukaguzi wa aina yake. Waziri anayejua hamtegemei mtu. Akikosea, anakosea kwa ufasaha, na chini yake hakuna anayethubutu kumsahihisha bingwa.

MWANAHABARI: Kuna Ethiopia. Dkt. Tedros Adhanom alikuwa mtafiti wa malaria, ana uzamivu wa afya ya jamii kutoka Nottingham, akawa Waziri wa Afya kutoka 2005 hadi 2012. Alipogombea uongozi wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, alishutumiwa kwamba enzi zake milipuko ya kipindupindu iliripotiwa kwa jina la kuhara maji kwa ghafla. Yeye na wenzake walikanusha kwamba kulikuwa na kuficha. Sitoi hukumu. Nasema tu kwamba jina la ugonjwa lina bei kwenye utalii na biashara, na bei hiyo anaijua waziri, awe amesoma nini. Na hapa kwetu tusijisahau. Aprili 2020 tuliacha kuchapisha takwimu za corona kwa utaratibu wa kila siku, na mapema Mei tukabaki kwenye wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka. Dkt. Faustine Ndugulile, aliyesomea mikrobiolojia na afya ya jamii, alikuwa Naibu Waziri wa Afya wakati huo. Mei 2020 aliondolewa. Utaalamu ulikuwapo wizarani, na haukusaidia namba kutoka.

SISTA: Na Januari 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 14 kuna washukiwa wa Marburg Kagera. Wizara ikasema sampuli zimetoka hasi. Tarehe 20 Rais mwenyewe akathibitisha kuna mgonjwa. Siku zile katikati, sisi wa wodini tulikuwa tunaingia kwa mgonjwa kwa imani gani?

DAKTARI: Sampuli kutoka hasi leo na chanya kesho si ajabu kitaalamu, Sista.

SISTA: Kitaalamu si ajabu. Lakini mtu anayejua hivyo husema "hasi hadi sasa, tunaendelea kupima, vaeni kinga". Hasemi hakuna.

MWALIMU: Hapo Sista ameeleza faida ya epidemiolojia kuliko nilivyoieleza mimi. Ni taaluma ya kusema "hadi sasa".

MWENYEKITI: Mwanahabari, kuna jambo la kikatiba uliahidi.

MWANAHABARI: Ndiyo. Rwanda waziri si mbunge. Rais anaweza kumchukua mtu maabara leo, kesho akaapishwa. Kenya nako, tangu katiba ya 2010, mawaziri wanatoka nje ya Bunge. Kwetu Tanzania waziri lazima awe mbunge, kwa hiyo bingwa wetu ama aende jimboni akanunue kanga na kofia, ama Rais ampe moja ya zile nafasi 10 za kuteua. Tunapotamani "waziri mtaalamu kama wa Rwanda", tunatamani pia mfumo ambao waziri hana mpiga kura wake mwenyewe. Aliyemteua ndiye mpiga kura wake pekee. Na hilo Nsanzimana amelionja. Desemba 2021, akiwa mkuu wa RBC, Ofisi ya Waziri Mkuu ilitangaza amesimamishwa kupisha uchunguzi wa mambo ya uwajibikaji. Februari 2022 akateuliwa kuongoza hospitali ya rufaa ya Butare. Novemba mwaka huo huo akawa waziri. Ndani ya mwaka mmoja alishuka na kupanda, na mara zote kwa tangazo.

DAKTARI: Mwishowe alipanda. Unalalamikia nini?

MWANAHABARI: Nalalamikia ngazi, mzee wangu, simlalamikii mpandaji. Mkuu wa taasisi inayohesabu maradhi anapoweza kusimamishwa kwa karatasi moja, kwa sababu nzuri au mbaya, kila aliye chini yake ameshapata somo.

MWALIMU: Na hapo ndipo nataka kuirekebisha hoja badala ya kuipinga. Mtaalamu wa epidemiolojia awe waziri, sawa. Lakini siku anayoapishwa, avue kofia ya mhesabu, na aiache mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki. Nigeria walitunga sheria ya kituo chao cha kudhibiti magonjwa, NCDC, mwaka 2018, na taarifa zake za homa ya Lassa hutoka wiki baada ya wiki. Sheria peke yake haitoshi, najua. Ila inampa mtu mahali pa kusimama. Mimi ningetaka mambo mawili yaandikwe: mkuu wa taasisi ya kuhesabu awe na muda maalumu, asiondolewe ila kwa sababu zilizotajwa, na mbele ya watu, na taarifa ya magonjwa itoke siku moja ya wiki inayojulikana, bila sahihi ya waziri, hata kama waziri ndiye bingwa wa mabingwa.

DAKTARI: Ukiweka hivyo, umeniachia waziri wangu na umemfunga mkono mmoja.

MWALIMU: Ule wa kalamu ya kurekebisha jumla, ndiyo. Wa kusoma nimemwachia, na huo ndio uliomfanya tumtake.

DAKTARI: Nakubali. Na nadhani Nsanzimana ana sababu ya kulijua hili kuliko sisi sote. Amekaa kiti cha mhesabu, akaondolewa, akakaa kiti cha mwamuzi. Akiondoka wizarani, swali langu kwake halitakuwa Marburg iliua wangapi. Nitauliza kama mkuu wa RBC anayefuata anaweza kumpinga waziri wake asubuhi na jioni akawa bado kazini.

MWANAHABARI: Mimi sijashawishika kwamba nchi zetu zitatunga sheria hiyo kisha ziiheshimu. Lakini ikiwapo, nitakuwa na kitu cha kuulizia kwenye mkutano na waandishi. Leo naulizia hisani.

MWENYEKITI: Hoja imekubaliwa kwa marekebisho ya Mwalimu, na shaka ya Mwanahabari imeandikwa. Sista, neno la mwisho.

SISTA: Mimi si mtu wa sheria. Nitaipima kwa njia yangu: zamu ya usiku, mgonjwa anatoka damu fizini, na nimejaza mstari wa homa ya kutokwa damu bila kumpigia mtu simu kwanza kuomba ruhusa. Asubuhi wakipiga wao, waulize mgonjwa anaendeleaje.